Mgonjwa wa Kamati

Jumatano, saa nne asubuhi, mwenyekiti wa Kamati ya Huduma alimkuta mgonjwa wake amesimama. Hakupiga hodi, maana wenye vyeo wakienda kwa wadogo hudhani hata mlango ni muumini. Aliusukuma, akaingia, na badala ya kumwona fundi seremala chali kitandani kama alivyomwacha wiki iliyopita, alimwona wima mbele ya meza yake ya kazi, gongo kwapani, randa mkononi, maranda yamejaa miguuni.

"Fundi," akasema, "umesimama?"

"Nimesimama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopata nafuu."

Mwenyekiti alivuta kiti, akaketi, akatoa leso akajipangusa uso. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye aliuliza kama kuna mtu aliyeona.

Fundi alikuwa amelala miezi minane. Aliangukia sakafu ya kanisa akigongelea mbao za dari, kwenye ngazi ya kanisa iliyopungua vidato viwili. Alikuwa ametoa taarifa ya ngazi ile kabla ya kuipanda, na wakubwa waliipokea vizuri sana, wakaiandika kwenye kumbukumbu za kikao. Taarifa ipo kwenye faili hadi leo, haijavunjika popote. Kilichovunjika ni paja la Fundi.

Basi Kamati ikamchukua awe mgonjwa wake. Jumuiya sita zilipangiwa zamu, kila moja na siku yake. Walikuja alasiri, watu wanane, siku nyingine kumi na wawili, wakaimba, wakasoma, wakaomba, wakajiandika kwenye daftari lililotundikwa kwenye msumari kando ya mlango, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiokoke ikaondoka. Daftari lilikuwa na nafasi ya tarehe, ya majina, ya wimbo ulioimbwa na ya somo lililosomwa. Nafasi ya ndoo haikuwepo. Na kwa kuwa waliingia wamekwisha kufumba macho, hakuna aliyegundua kwamba kwa wiki mbili sasa viatu vya mgonjwa vilikuwa vikihama mahali.

Aliyewachemshia chai wote hao ni mkaza mwana wake Fundi, mke wa mwanawe wa pekee. Alikuwa mwanamke wa kutania hata njaa ikimkaba. Alizoea kusema kwamba mgonjwa mwenyewe si mzito, wazito ni wageni wake.

Kazi ambayo daftari halikuwa na nafasi yake ilifanywa na jirani. Mkaza mwana angemfanyia mzee yote, lakini kumwogesha baba mkwe ni aibu ya pande mbili, na mume wake ni mlinzi, hurudi jua limepanda akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Jirani huyo alikuwa muuza mkaa, mgane asiye na mtoto, chumba chake na cha Fundi vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Mtaa ulimwita Masizi, naye aliitika. Kila asubuhi, kabla hajafungua gunia la kwanza, alinawa hadi viwiko, akaingia, akamgeuza Fundi, akamwosha, akamwaga ndoo, akaenda zake bila wimbo. Fundi alipoanza kupata nguvu, ni yeye aliyemchongea gongo kwa mti wa kufungia magunia, na ni bega lake alilolishika kujifunza hatua, ukuta hadi ukuta, kama mtoto wa mwaka mmoja mwenye mvi.

Masizi hakuwa akisali. Zamani alisali. Siku hizo mwenyekiti, aliyekuwa bado mzee wa zamu tu, aliona mabenchi mapya yanachafuka, akaagiza muuza mkaa atandikiwe gazeti kabla hajakaa. Alitandikiwa Jumapili tatu mbele ya watu wote. Ya nne hakuja. Walipomuuliza alisema hana ugomvi na mtu, ila wanampa gazeti lile lile na yeye amekwisha kulisoma.

Mabenchi hayo aliyatengeneza Fundi.

*

Mwenyekiti alieleza shida yake polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Jumapili anakuja askofu. Anakuja kuona jinsi imani inavyoishi kwa matendo, na Kamati ndiyo yenye matendo. Kwenye orodha ya Kamati kuna wagonjwa watatu. Wa kwanza amehamia kwa binti yake. Wa pili amefariki bila kuijulisha Kamati. Wa tatu ndiye huyu hapa, amesimama, anapiga randa.

Fundi alimwambia kwamba askofu atafurahi zaidi kumwona mzima.

Mwenyekiti akasema mtu mzima si huduma. Watu wazima wapo kila mahali, hakuna anayesafirishwa kuja kuwatazama. Alichoomba ni kitu kidogo. Fundi arudi kitandani siku nne. Jumapili askofu aingie, aombe, atoke. Jumatatu Fundi apone anavyotaka.

"Sikuambii useme uongo," akasema. "Nakuambia ulale. Kulala si dhambi, Fundi. Watu wote hulala."

Mkaza mwana aliingia wakati huo na ndoo ya maji. Mwenyekiti hakumsalimu, alimwambia tu kwamba nafasi ya mpishi wa shule ya watoto ya kanisa iko mezani kwake, wameomba wanawake wengi, na jina la mwisho litaandikwa baada ya ugeni kupita salama.

Aliitua ndoo taratibu, pasimwagike hata tone.

Ile kazi ya upishi alikuwa ameiomba mara tatu. Mshahara wa mlinzi ulikuja ukitaka, kama paka. Wasichana wake wawili walikuwa wakirudishwa nyumbani mara kwa mara kwa sababu ya sare. Mpishi wa shule alikula shuleni, watoto wake wakasoma pale pale, na mwisho wa mwezi alishika kitu. Watu wa nyumba ile hawakuwa na ndoto nyingine. Walikuwa na hiyo moja, na waliitunza kama nguo ya sikukuu.

Mwenyekiti alipotoka, Fundi alishika randa tena asiitumie.

"Mwanangu," akasema, "nimewahi kupiga msumari uliopinda nikijua umepinda. Lakini kuupinda mwenyewe, hapana."

"Baba, umelala miezi minane bure," mkaza mwana akasema. "Siku nne tu, lala kwa mshahara."

Fundi alicheka mpaka paja likamuuma. Kisha akaitazama mikono ya mkaza mwana. Mikono ile ilikuwa imechemshia jumuiya sita chai kwa miezi minane, na hakuna hata siku moja birika lilipotua mezani kwa kishindo. Hakuwa amemwomba kitu tangu aolewe. Mzee aliegesha randa, akakokota mguu hadi kitandani, akajilaza. Ikawa mara ya kwanza kitanda kile kumchoma mbavu.

*

Alhamisi asubuhi Masizi hakuja.

Fundi alisubiri. Kupitia ukuta alisikia kikohozi, kizito, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Aligonga ukuta kwa gongo mara tatu, na upande wa pili ukajibu mara moja. Alitaka kwenda. Mkaza mwana alisimama mlangoni akamkumbusha kwamba nje kuna macho, na mgonjwa wa Kamati akionekana anakatiza uwanja kwa miguu yake, habari itafika kwa mwenyekiti kabla yeye hajafika kwa jirani. Hatua kutoka mlango hadi mlango zilikuwa sita.

Akaenda yeye. Alimkuta Masizi kwenye mkeka, homa imempanda, vumbi la mkaa la siku nyingi juu ya jasho. Alimleta mganga wa zahanati, naye akampima, akatoa vidonge, akaagiza mambo mawili: anywe maji mengi, na aoshwe mwili mzima kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, homa ishuke na kifua kipumue. La kwanza mkaza mwana aliliweza, alimshikia kikombe. La pili hakuliweza, na Masizi mwenyewe alivuta gunia akajifunika mpaka kidevuni kwa haya. Mlinzi naye wiki ile alikuwa amepelekwa kulinda ghala la mbali, harudi hadi Jumapili jioni.

Alasiri jumuiya ya Alhamisi iliwasili, watu tisa. Walipomaliza wimbo wa tatu, Fundi, akiwa kitandani, aliwaomba wapite mlango wa pili, kuna mtu ana homa, wanaume wawili watoshe. Kiongozi wao, mama mwenye sauti ya huruma, aliuliza kama huyo mtu yumo kwenye orodha. Hayumo. Akasikitika sana. Zamu yao imeandikwa nyumba hii, wakihama watavuruga hesabu za jumuiya nyingine. Waliahidi kumkumbuka katika sala, wakamaliza chai.

Ijumaa nao vivyo hivyo, ila walimaliza na sukari.

Jumamosi alikuja mwenyekiti mwenyewe na shuka jeupe jipya, la kuazima, lisichafuliwe. Alimfundisha Fundi majibu. Akiulizwa anaendeleaje, aseme, namshukuru Mungu na Kamati. Akiulizwa anahitaji nini, aseme, maombi tu. Fundi aliyarudia yote vizuri, kisha akamwambia habari za Masizi. Mwenyekiti alisikiliza, kichwa upande. Akasema ni jambo jema, litaingizwa kwenye ajenda ya mwezi ujao. Japokuwa, aliongeza, yule bwana aliliacha kanisa kwa hiari yake.

"Alifukuzwa kwa gazeti," Fundi akasema.

Mwenyekiti hakusikia, alikuwa anapima kwa macho mahali atakaposimama mpiga picha.

*

Jumapili mtaa ulihamia kanisani. Mkaza mwana alivaa gauni jeupe alilolipiga pasi mara mbili, akawavalisha wasichana, akamtandikia mzee shuka la kuazima hadi shingoni. Mpango ulikuwa arudi na wageni, saa sita. Alikuwa na haraka, na alikuwa na furaha, akijaribu kuificha isimwonekane kama deni.

"Baba, usitikisike."

"Nitakuwa kama ubao."

"Ubao usiosema."

"Kuna ubao unaosema?"

Akaenda anacheka. Fundi akabaki na dari. Alisikia kikohozi upande wa pili, mara mbili, mara tatu. Kisha hakusikia tena. Kunyamaza kule kulimtia hofu kuliko kukohoa. Aligonga ukuta kwa gongo, hakujibiwa. Aligonga tena.

Miezi minane yule mtu hakuwahi kuchelewa hata siku ya mvua. Siku ya kwanza kabisa, Fundi aliona haya mpaka akageuzia uso ukutani na kulia, mtu mzima aliyewajengea wenzake nyumba. Masizi aliendelea kumsugua mgongo huku akimweleza bei ya mkaa ilivyopanda, habari ndefu, ya kuchosha, haina mwisho. Siku zote Fundi alidhani ni mtu wa maneno mengi. Sasa alipolala pale, shuka shingoni, akaelewa kwamba habari ile ya mkaa ilikuwa ni pazia alilokuwa anafungiwa.

Akaamka. Alilikunja shuka la kuazima kwa uangalifu, pembe juu ya pembe, kama wanavyokunja mafundi, maana kitu cha mtu ni cha mtu. Alitia sabuni, dodoki na taulo kwenye mfuko wa zana, akauvaa shingoni, akachukua gongo. Uwanja ulikuwa mtupu. Hatua sita.

Masizi alikuwa amefumba macho.

"Umekufa au unapumzika?" Fundi akauliza.

"Nilikuwa nakusikiliza unavyotembea," Masizi akajibu bila kufumbua macho. "Mguu wa kushoto bado unauburuta."

Maji yalikuwemo kwenye pipa, jiko likawashwa, na mkaa, kama unavyofikiri, haukukosekana. Fundi hakuweza kupiga magoti, kwa hiyo alikaa juu ya gunia na kumvuta mwenzake karibu. Masizi alikataa. Akasema ataoga mwenyewe kesho. Fundi akamwambia hata yeye alisema hivyo hivyo miezi minane iliyopita, na kesho yake haikufika mpaka juzi. Kisha, ili asimtazame usoni, akaanza kumweleza habari za mbao: mbao za siku hizi ni mbichi, zinakauka zikiwa zimekwisha kuwa kabati, mlango unakataa kufunga, mteja analalamika. Alieleza kirefu. Alichosha. Masizi alilegeza gunia.

Beseni la kwanza lilitoka jeusi. La pili jeusi. La tatu likawa kama chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa.

"Usinimalize," Masizi akasema. "Nitashindwa kujitambua."

"Miezi yote hii sikujua kumbe una kovu hapa."

"Na mimi sikujua kumbe una mikono mizito. Taratibu, Fundi, mimi si ubao wa mninga."

Homa ilikuwa inashuka. Unaiona kwa jinsi mtu anavyoanza kulalamika.

*

Askofu alikuwa na makanisa mengine mawili siku ile, hivyo alifupisha ibada, na saa tano msafara ukawa njiani. Kwaya mbele, mwenyekiti na mgeni nyuma yake, mpiga picha akirudi kinyumenyume, mkaza mwana na gauni lake jeupe pembeni. Mwenyekiti alifungua mlango wa Fundi kwa mikono miwili.

Kitanda kilikuwa kitupu. Juu yake shuka jeupe, limekunjwa, pembe juu ya pembe.

Kiongozi wa kwaya alikuwa mtu wa misiba. Miaka ishirini alikuwa ameimbia maziko yote ya mtaa ule, na jicho lake lilijua vitu viwili: kitanda kitupu na shuka jeupe lililokunjwa. Hakuuliza. Aliinua mkono, akashika wimbo wa kumsindikiza marehemu, na kwaya, ambayo imezoea kufuata mkono, ikapokea kwa sauti nne. Akina mama nje waliposikia ule wimbo waliweka mikono kichwani. Mwenyekiti alipepesa macho mara moja tu, mtu wa vikao haishiwi maneno. Alimwinamia askofu, akamnong'oneza kwamba mgonjwa ametutangulia, kwa amani, akiwa mikononi mwa Kamati.

Mkaza mwana alishika mwimo wa mlango. Alikuwa amemwacha mzee anatania. Alijua ni mzima. Lakini wimbo una nguvu kuliko akili, na moyoni lilimjia neno moja: Mungu amechukua tulichomdanganyia. Kazi ya upishi, sare, mshahara, vyote vilimtoka kichwani kama vitu alivyowahi kusimuliwa.

Upande wa pili wa ukuta Masizi alitega sikio.

"Nani amekufa?"

Fundi alisikiliza. "Nadhani ni mimi."

"Pole sana."

"Asante. Inua mkono."

Alimalizia kwapa, kwa kuwa kazi haiachwi nusu, akamfunika taulo, akalisukuma beseni kwa gongo hadi kizingitini, akajitokeza. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa, povu hadi viwiko. Sauti za kwaya zilikatika moja baada ya nyingine, ikabaki sauti ya kwanza peke yake juu kabisa, mwimbaji wake kafumba macho, ikamzika Fundi kwa ubeti mzima kabla ya mtu kumgusa bega.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

"Mwenyekiti, samahani," Fundi akasema. "Nimwagie hili, uniletee jingine. Bado miguu."

Askofu alikuwa mzee mfupi, viatu vikimsumbua. Alimtazama Fundi, akalitazama beseni, akamtazama mwenyekiti.

"Huyu ndiye marehemu?" akauliza.

Mkaza mwana alianza kucheka na kulia pamoja, asijue lipi alianze. Mwenyekiti alisema kuna maelezo. Askofu akasema ndiyo, lakini beseni ni zito, alimwage kwanza. Basi mwenyekiti wa Kamati ya Huduma, suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, aliinama mbele ya jumuiya zote sita akaliinua beseni la maji meusi, akaenda nalo akilitenga na kifua chake kama mtoto wa jirani aliyejikojolea.

Fundi hakungoja aulizwe.

"Baba Askofu, mimi ni mzima," akasema. "Nimepona wiki mbili sasa. Niliombwa nilale mpaka uje, nikakubali. Aliyekuwa ananiosha huyu hapa ndani, sasa zamu yake imefika."

Alisema akimtazama mkaza mwana, maana ni yeye aliyekuwa anamwomba radhi. Naye alielewa. Alisikia kazi ile ikiondoka, kama unavyosikia gari ulilochelewa likibadili gia kwenye kilima. Alikunja mikono ya gauni lake jeupe, kisha akaikunjua.

Askofu alivuka kizingiti, akaketi juu ya gunia la mkaa na kanzu yake yote. Alimwambia Masizi kwamba mwaka huu ameonyeshwa wagonjwa kumi na tisa, na wote walikuwa kwenye mashuka mapya. Masizi akajibu kwamba angejua mapema angeazima. Wakacheka, wakaongea kidogo, askofu akaomba kwa maneno machache. Mpiga picha alisimama nje na kamera shingoni, hakuna aliyemwambia apige nini. Ndani ya daftari siku ile hakuna kilichoandikwa.

Mgeni aliondoka na alama nyeusi kubwa mahali alipokalia. Kabla ya kupanda gari alisema jambo hili atalizungumza na wahusika. Huenda alizungumza nao. Wahusika ni watu wagumu kupatikana.

*

Kazi ya upishi alipewa shemeji yake mwenyekiti. Tangazo lilisomwa Jumatano, likifuatiwa na sala ya kumtakia utumishi mwema.

Mkaza mwana alimnunia baba mkwe siku tatu. Alimwandalia chakula, alimwitikia, alimpigia pasi shati, yote sawasawa, ila mzaha aliufungia kabatini, na nyumba bila mzaha wake ilikuwa kama chakula bila chumvi, kinashibisha kwa uchungu. Fundi hakujitetea. Kila asubuhi alikwenda mlango wa pili na mfuko wa sabuni shingoni, hadharani, akiburuta mguu wa kushoto. Akirudi, anapiga randa zile mbao zake.

Siku ya nne mkaza mwana alichukua bakuli la uji akampelekea Masizi mwenyewe. Alikaa kwenye gunia, akamngoja anywe.

"Mama," Masizi akasema, "nasikia ile kazi ya kupika umeikosa."

"Nimeikosa."

"Ya kwangu, ile ya ndoo, ilikuwa wazi miezi minane. Haikuwa na mwombaji hata mmoja."

Alimtazama yule mzee safi, mwembamba, asiyefanana na Masizi, akaona jinsi alivyolishika bakuli kwa mikono miwili lisimwagikie mkeka wa watu, na mkeka ni wake mwenyewe. Akachukua bakuli. Alipofika nyumbani alilitua mezani.

"Baba, umenipotezea kazi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mgonjwa wako anasema uji wangu una sukari nyingi. Wagonjwa wa Kamati hawakuwahi kulalamika."

Fundi aliinamia randa ili asimwone machozi.

*

Wiki tatu baadaye, Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, waumini waliona benchi linaingia kanisani. Mbele alilishika mlinzi, aliyekuwa na usingizi, nyuma Masizi, aliyekuwa amepona, na Fundi pembeni na gongo lake akiwaelekeza wasigonge nguzo. Lilikuwa benchi la watu watatu, ubao umelainishwa kama shavu, na lote, miguu hadi mgongo, limepakwa rangi nyeusi. Walilitua mstari wa mbele. Fundi aliliyumbisha kwa mkono, halikutikisika.

Masizi alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye magunia, maana mkaa hauijui Jumapili. Alisita. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kwa mazoea, kuona nani analeta gazeti. Hakuletewa. Akakaa.

Mwenyekiti alifungua katiba ya kanisa, akatafuta kifungu cha rangi ya mabenchi, akakosa, akaandika pembeni kwamba iundwe kamati. Watu walinong'ona. Benchi lilikuwa na nafasi mbili zaidi, na hakuna aliyezisogelea. Fundi hakukaa, aliegemea ukuta na gongo lake akilitazama benchi.

Mkaza mwana alikuwa mstari wa nyuma na wasichana wake. Alivaa lile gauni jeupe, lililopigiwa pasi mara mbili kwa ajili ya kazi isiyokuja, na hakuwa na jingine. Aliinuka. Alipita katikati ya kanisa, taratibu, kama alivyotua ndoo siku ile pasimwagike tone, akafika mbele, akamwambia Masizi asogee. Masizi akamwonyesha kwa kidole masizi ya suruali yake, akimsihi kwa macho.

"Sogea, Mzee," akamwambia. "Gazeti nimesahau nyumbani."

Akakaa, bega kwa bega, akafungua kitabu cha nyimbo.